Sikio la Darubini Lisiwe la Kuazima

Wako watakaouliza: nchi ambayo wanafunzi wake hung'ang'ania madawati ina haja gani na darubini ya redio? Swali hilo ni la haki. Jibu lake, kwa maoni yangu, halimo katika nyota bali katika kipokezi.

Darubini ya redio ina sahani ya kukusanya mawimbi. Kipokezi ndicho sikio lake. Mawimbi yatokayo angani hutufikia yakiwa hafifu mno, na joto la chombo chenyewe huzua kelele ya kuyameza. Ndiyo maana vipokezi vya MeerKAT, darubini ya sahani 64 iliyozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2018, hupozwa hadi kiasi cha nyuzi 250 za selsiasi chini ya sufuri. Kazi hiyo haikufanywa na taifa moja. Baadhi ya vipokezi vilibuniwa Stellenbosch, huko huko Afrika Kusini. Vingine vikatoka Taasisi ya Max Planck mjini Bonn, Ujerumani.

Ghana nayo haikubaki nyuma. Sahani yake ya Kuntunse, yenye kipenyo cha mita 32, ilikuwa ya mawasiliano ya setilaiti hadi nyaya za baharini zilipoinyang'anya kazi. Wahandisi wa Ghana na wa Afrika Kusini waliigeuza, wakaitia vipokezi vipya, na mwaka 2017 ikazinduliwa kuwa darubini.

Je, sisi? Kenya ni miongoni mwa nchi nane zilizoungana na Afrika Kusini katika mradi wa SKA. Tunacho pia kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970. Lakini tukiletewa kipokezi ndani ya sanduku, nasi tukabaki kukipangusa vumbi, huo hautakuwa ushirikiano bali hisani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ajuaye kuipunguza kelele ya kipokezi anao ujuzi unaohitajika pia katika simu, rada na setilaiti. Kwa hivyo, kila mkataba wa aina hii na uwataje vijana wetu watakaoketi penye meza ya ufundi. Nanyi walimu, msingoje mkataba: ifungueni redio kuukuu mbele ya darasa, wanafunzi waone jinsi sikio linavyoundwa.