Kwenye ukanda wa dhahabu, muulize mgeni anakula nini

Mtu akipata uhamisho wa kwenda Kahama au Geita, ndugu zake humuuliza kuhusu dhahabu. Wengine humtania awaletee japo punje moja. Hakuna anayemuuliza atakula nini huko, na hilo ndilo litakalomshughulisha tangu siku ya kwanza, hasa akiwa ametoka pwani kama mimi, ambako mboga isiyo na nazi huhesabiwa chakula cha mgonjwa.

Nazi sokoni Kahama zipo. Zimesafiri mbali juu ya lori, zimepanda bei njiani, na wanunuzi wake wakubwa ni watu wa kuja. Mwenyeji ana karanga. Hukaangwa kidogo, zikatwangwa, na unga wake ukamwagwa kwenye mchicha, kwenye kisamvu, kwenye mlenda, kwenye majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo Wasukuma huyaita nsansa, na hata kwenye samaki mkavu. Mboga hutoka nzito, na ugali wa mtama au wa udaga wa muhogo unaikamata vizuri kuliko wali. Mpishi wa Tanga akionja mara ya kwanza hukunja uso. Mpe mwezi mmoja tu, naye ataanza kuulizia bei ya karanga kwa debe.

Kilichonishangaza zaidi kipo kwenye magunia yaliyopangwa pembeni, mbali na nyanya na vitunguu: vipande vyembamba, vikavu, vya rangi ya vumbi, ambavyo mgeni hudhani ni magome ya dawa. Hiyo ni michembe, yaani viazi vitamu vilivyoachwa vinyauke, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani vikiwa vibichi. Jirani yake gunia la pili lina matobolwa, viazi vile vile, ila hivi huchemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa, ndipo vikaanikwa. Matobolwa unaweza kutafuna hivyo hivyo njiani, yana utamu na ugumu wa kufanya taya zifanye kazi. Michembe ni lazima ipikwe. Hulowekwa, huchemshwa mpaka ilainike, kisha hutiwa karanga zilizotwangwa. Watu huila asubuhi na chai au maziwa ya mgando, na mtu akishiba hapo anaweza kulima hadi saa nane bila kulalamika.

Kazi ya kuanika ni ya wanawake, na uwanja wao mara nyingi ni majabali ya Usukuma. Baada ya mavuno, miezi ya kiangazi, utapita barabarani uone jabali lote limetandikwa vipande vyeupe. Mwamba unapata joto mchana kutwa, hauna mchanga, na upepo unapita juu yake. Sijaona kikaushio cha kisasa kinachoushinda kwa gharama.

Kwa nini kuanika kote huku? Mkoa wa Shinyanga, ambako Kahama ipo, una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, na mvua yenyewe haina ahadi. Miezi inayobaki ni jua. Isitoshe, miti mingi ya mkoa huu ilifyekwa karne iliyopita, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupisha pamba, hadi watu wakaanza kuuita nusu jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, na busara yake kubwa ilikuwa kurudi kwenye utaratibu wa zamani wa Wasukuma wa ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike ili majani na miti viote tena. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator kutoka Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Taarifa za mradi husifu miti na malisho. Mama wa nyumbani atakutajia pia uyoga, asali, ukwaju wa kutia kwenye uji, na mboga za porini ambazo mtu hazilimi. Ngitili ni ghala la jikoni pia.

Mchele nao una habari yake. Ukitoka Shinyanga mjini kwenda Kahama kupitia Tinde, wakati wa mvua utaona mabonde ya udongo mweusi yamegawanywa kwa matuta, maji yamesimama ndani yake. Hayo ndiyo majaruba. Wakulima wenyewe walijenga matuta hayo kukinga maji ya mvua, bila bwawa wala mfereji wa mkandarasi, wakalima kwa plau na maksai. Wasukuma walipohamia na mifugo yao kusini na magharibi, hadi Usangu na Rukwa, waliondoka na ujuzi huo. Leo Kahama ni mji wa mashine za kukoboa. Malori yanayopita kwenda Rwanda na Burundi, na bandari kavu ya Isaka iliyo karibu, vimeufanya mchele wa hapa uwe na wateja wengi nje ya mipaka, ingawa jina lake ndani ya nchi ni dogo. Dar es Salaam bado wanaimba Kyela na Mbeya. Mimi sitagombana na mtu, ila mchele mpya wa jaruba, uliopikwa kwa mafuta ya pamba yaliyokamuliwa hapa hapa na chumvi peke yake, unaweza kuliwa bila mboga.

Geita ni habari nyingine kabisa. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, na jiko lake linaonyesha hivyo. Sensa ya 2022 ilikuta watu 2,977,608, na ukikaa meza moja na watu sita kwenye mgahawa wa mji wa Katoro huenda usipate wawili waliozaliwa wilaya moja. Wahaya wamekuja na ndizi na, msimu ukifika, senene. Waha wanaulizia samaki wao, migebuka ya Kigoma. Wachaga wamefungua mtori na nyama choma. Mwenye asili ya Mara anakuambia nyama ya hapa haina ladha, kisha anaongeza sahani.

Samaki hutoka ziwani, kwenye mialo kama Nkome na ile ya upande wa Chato. Ziwa lipo karibu, lakini usidhani kila samaki anafika mezani kwako. Sangara mkubwa, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, huishia viwandani, minofu yake ikasafirishwa Ulaya na mabondo yake, yaani vibofu vyake vya hewa, yakauzwa kwa bei kubwa hadi Asia. Mwananchi hubaki na sangara mdogo, na dagaa, na sato akiwa na fedha kidogo. Sato wa kuchemshwa kwa limau, nyanya chungu na ndizi mbichi mbili tatu ndicho chakula cha Jumapili ambacho ningempikia mgeni yeyote. Zamani safari ya kutoka Mwanza kuja Geita ilikuwa na foleni ya kivuko cha Busisi, na foleni ile ilikuwa soko: samaki wa kukaanga, mayai, mananasi ya Geita yaliyomenywa tayari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 19, 2025, abiria anavuka kwa dakika chache bila kuteremka. Safari imekuwa nyepesi, na abiria anafika Geita na njaa.

Ila ukitaka kuelewa chakula katika mkoa huu, ondoka mjini uende kwenye rashi. Dhahabu ikionekana mahali, porini au shambani kwa mtu, watu hufurika, na ndani ya siku chache kuna kijiji cha maturubai. Miongoni mwa wanaotangulia ni mama ntilie na sufuria zake. Hili si jambo la pembeni, maana mchimbaji mdogo kwa kawaida halipwi mshahara. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anawapa vijana vifaa na anawalisha, wao wanachimba, na mawe yakipatikana hugawanywa viroba kwa viroba baada ya gharama kutolewa. Duara linaweza kukaa miezi bila kutoa kitu. Muda wote huo watu wanakula. Kwa hiyo anayeshika unga na maharage ndiye anayeamua kama shimo litaendelea kwenda chini au litaachwa. Wataalamu wa uchumi hupenda kuzungumzia mitaji, karasha za kusaga mawe, na mitambo ya kuchenjua marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa. Wangeanza na gunia la unga.

Mama ntilie naye ana daftari. Kijana anakula ugali, maharage na dagaa leo, jina lake linaandikwa, atalipa mawe yakitoka. Yasipotoka, au habari zikienea kwamba kuna rashi mpya Mbogwe au Nyarugusu, nusu ya majina ya daftari huondoka usiku. Ndiyo maana sahani ya machimboni ni ghali kuliko ya mjini ingawa ni ile ile: bei ina maji yaliyonunuliwa kwa dumu, nauli ya bodaboda, na madeni ya waliokimbia. Benki zenye matawi mjini zinazungumza na wenye leseni. Sijui ni nani anayempa mama huyu mkopo wenye masharti ya haki, naye ndiye anayewakopesha wachimbaji kila siku.

Jambo moja la tahadhari. Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji wilayani Geita, kilichaguliwa mapema miaka ya 2000 kuwa mojawapo ya maeneo ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, ambayo wachimbaji hutumia kukamatia dhahabu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini zebaki bado ipo mikononi mwa watu, na mabaki yake huingia majini na kwa samaki. Mgeni asione haya kuuliza samaki ametoka wapi. Wa ziwani nunua. Wa vidimbwi vilivyo chini ya mialo ya kuoshea mawe, mwache.

Nina lalamiko moja kwa wenye hoteli. Geita mjini zimejengwa nyingi kwa ajili ya wageni wa migodini, na ukishuka asubuhi kupata kifungua kinywa utakuta mkate wa duka, soseji, na juisi ya paketi, katika mkoa wa mananasi. Kahama vivyo hivyo. Ukiuliza michembe, mhudumu hutabasamu kwa aibu, kana kwamba umeuliza habari za nyumbani kwao. Chakula kilichowavusha watu wa Shinyanga miaka ya ukame kimefanywa cha kuliwa kwa kujificha, huku chipsi mayai zikipewa meza yenye kitambaa. Huo ni upotevu wa ladha na wa fedha pia, kwa sababu mwanamke anayeanika viazi huko Kishapu, Shinyanga, angepata mteja wa uhakika mwaka mzima.

Nawe unayejiandaa kuhamia huku, nunua mchele wako mwezi wa Juni au Julai, mavuno yakiwa mapya na bei ikiwa chini, na uweke wa kutosha. Michembe iulizie kiangazi, kwenye gulio la kijijini zaidi ya soko la mjini, na uchague vipande vyeupe visivyo na madoa ya ukungu. Kabla ya kuuliza bei, msalimie mwenye gunia kwa Kisukuma: asubuhi mwambie mwangaluka mayu, jioni mwadila. Utaongezewa kibaba.