Je, Wajua? Vifundo vya Hotuba, Kutoka Jukwaani Tunduma

Je, wajua kwamba "mshikamano", neno ambalo halikosekani kwenye mkutano wa hadhara, ndilo wanaisimu wanalolitumia kueleza jinsi sentensi zinavyokamatana hadi zikawa hotuba moja?

Je, wajua kuwa mwaka 1976, reli ya TAZARA inayopita Tunduma ilipokabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia, ndio mwaka M.A.K. Halliday na Ruqaiya Hasan walipochapisha kitabu kilichoyagawa mafundo yanayoshikanisha sentensi katika makundi matano: urejeleo, ubadala, udondoshaji, viunganishi na mshikamano wa msamiati? Wao waliandika kuhusu Kiingereza. Kiswahili kina fundo la ziada, tena imara kuliko yote: ngeli.

Mfano bora ni wa Novemba 2, 1978. Mwalimu Nyerere alikuwa mbele ya wazee wa Dar es Salaam, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yameshaingia Kagera. Alipoutaja uwezo, akaufunga kwa "tunao". Alipoitaja nia, akaifunga kwa "tunayo". Kila nomino ilipata kipande chake cha ngeli, na sentensi zikagonga kama nyundo. Amin je? Katika neno "kumpiga" alibaki herufi moja tu, "m", na hakuna aliyeuliza nani.

Je, wajua kwamba sikio la Songwe, mkoa wenye Tunduma, limezoea fundo hilo tangu utotoni? Kinyiha cha Mbozi, Kinyamwanga cha Momba na Kindali cha Ileje ni lugha za Kibantu, nazo zina ngeli zake. Msemaji akikosea upatanisho, mama muuza maharage anajua papo hapo kuna kitu kimelegea.

Je, wajua kuwa kwenye mpaka "sisi" ni neno zito? Oktoba 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walizindua kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na Kiswahili hakina "sisi" ya kuwajumuisha wote na nyingine ya kuwatenga wengine. Hadhira ndiyo huamua. Vivyo hivyo "wenzetu wa upande wa pili": Dodoma ni chama pinzani, lakini Tunduma inaweza kuwa Nakonde. Mgombea mgeni asiyelijua hilo ataeleweka vibaya kwa maneno sahihi kabisa.

Sasa hili nawaomba wapiga kura walisikilize kwa makini. Kiambishi "-ka-" hupanga matukio kwa mfuatano, na sikio hugeuza mfuatano kuwa sababu. Chukua sentensi ya kubuni: "Mkanichagua, bei ya kahawa ikapanda." Msemaji hajadai kwamba ndiye aliyeipandisha. Ila sifa ameshaibeba, na ukimbana atasema alisimulia tu. "Ndiyo maana" nayo inaweza kuunganisha vitu viwili visivyojuana hata kidogo. Fundo la sarufi si ushahidi.

Je, wajua kwamba kaulimbiu mbili zinaweza kushikana ingawa zimepishana miaka? "Hapa Kazi Tu" ilikuwa ya kampeni ya Magufuli ya 2015. Mwaka 2021 Rais Samia akaja na "Kazi Iendelee". Kazi imerudiwa, na kitenzi "iendelee" kinadai kuwe na kitu kilichokwisha kuanzwa. Maneno mawili, urithi mzima.

Na je, wajua kwa nini msemaji hodari wa kando ya barabara kuu hurudia "maji, maji, maji" pale ambapo mwandishi angeweka "hayo"? Tunduma watu hupita: dereva kashuka kwenye lori linalosubiri kuvuka, mbadilisha fedha kasimama dakika tatu. Aliyefika sasa hivi hajui "hayo" ni yapi. Jina likirudiwa, naye anaingia kwenye hotuba.