Alama Mbili za Kuuliza

Kijana wa duka la uchapaji aliyekuwa akipitia kurasa za kitabu changu cha kwanza alinipigia simu saa mbili asubuhi. "Kaka, samahani kwa usumbufu. Hapa umeandika 'tazama jedwali katika ukurasa wa', halafu kuna alama mbili za kuuliza. Ni ukurasa gani huo?" Nikafungua faili langu. Katika maandishi yangu hapakuwa na alama ya kuuliza hata moja. Nilikuwa nimempa ukurasa uliosema jambo ambalo mimi sikuliandika.

Anayeandika kwa LaTeX haandiki ukurasa. Anaandika faili la maandishi matupu lenye maelekezo ndani yake: hiki ni kichwa cha sura, hili ni jedwali, na hapa iwekwe namba ya ukurasa wenye jedwali. Programu hulisoma faili hilo, hupanga herufi, mistari na kurasa, ndipo PDF inapopatikana. Wenye kazi hiyo huiita kukompaili. Donald Knuth alianza kubuni TeX, programu yenyewe inayopanga kurasa, mwaka 1977, baada ya kuchukizwa na namna toleo jipya la kitabu chake lilivyopangwa na mitambo ya wakati ule. Miaka ya mwanzo ya 1980 Leslie Lamport akajenga LaTeX juu yake. Tangu hapo mwandishi ana vitu viwili mkononi: faili analoliandika na ukurasa anaouona. Sura hii inahusu namna ya kuvizuia vitu hivyo visipishane.

Zile alama mbili zilitoka wapi? TeX husoma kwenda mbele tu. Ikifika ukurasa wa 12 na kukuta umeagiza namba ya ukurasa wa jedwali ambalo bado liko mbele, haina cha kujibu, kwa sababu ukurasa huo haujapangwa. LaTeX huacha ?? mahali pale na kuendelea. Ikishalifikia jedwali, huandika kwenye faili la pembeni, lenye mkia .aux, kwamba jedwali limeangukia ukurasa wa 47. Safari ya pili huanza kwa kulisoma faili hilo la pembeni, na 47 inakaa mahali pake. Lakini katika safari hiyohiyo orodha ya yaliyomo, ambayo mara ya kwanza ilikuwa tupu, sasa imejaa na kuchukua kurasa mbili. Jedwali limesukumwa hadi ukurasa wa 49, na msomaji bado anaelekezwa 47. Lazima kuwe na safari ya tatu. Ukitumia BibTeX kupanga marejeo, nayo inataka zamu yake katikati ya safari hizo. Mimi niliongeza jedwali usiku, nikakompaili mara moja, nikatuma.

Kati ya makosa yale mawili, ?? ndilo jepesi, maana linaonekana. Ile 47 iliyopaswa kuwa 49 haimshtui mtu yeyote. Inakaa kwenye ukurasa kama namba nyingine zote, na anayeigundua ni msomaji aliyefungua ukurasa wa 47 asikute jedwali.

Watu waliokuwa wakiandika programu za kompyuta walikwisha kuumizwa na jambo la aina hii kabla LaTeX haijakuwapo. Stuart Feldman, aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs nchini Marekani, amesimulia jinsi mwenzake Steve Johnson alivyoingia ofisini kwake akiwa amefura kwa hasira. Johnson alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu isiyokuwa na kosa. Kosa alikwisha kulisahihisha, ila faili lililosahihishwa halikukompailiwa upya, kwa hiyo alichokuwa akikiendesha ni kile cha zamani. Kutokana na asubuhi hiyo Feldman aliandika Make, mwaka 1976. Mantiki yake ni fupi: kila faili lina saa ya mabadiliko yake ya mwisho, ikiwa chanzo ni kipya kuliko kilichotokana nacho, basi kilichotokana kimechakaa, kitengenezwe tena. Make ingali inatumika hadi leo.

Ila saa ina udhaifu wake, na watumiaji wa kompyuta za mitumba wanaujua. Betri ndogo inayoendesha saa ya ndani ikifa, umeme ukikatika kompyuta inaamka ikiamini iko miaka mingi nyuma. Sahihisha sura yako katika hali hiyo, na faili ulilolisahihisha dakika hii litaonekana kuwa la zamani kuliko PDF ya jana. Make itakwambia kwamba hakuna la kufanya. Kinyume chake pia hutokea: ukinakili folda kutoka kwenye flashi, mafaili yote yanaweza kuonekana mapya ilhali hakuna herufi hata moja iliyobadilika.

Hapo ndipo ninapoipenda latexmk. Ni programu iliyoandikwa kwa lugha ya Perl na kutunzwa kwa miaka mingi na John Collins, mwanafizikia wa Pennsylvania State University, ambaye aliijenga juu ya kazi ya Evan McLean. Latexmk haiishii kwenye saa. Hupiga hesabu juu ya yote yaliyomo ndani ya faili, ikapata namba ndefu inayoitwa MD5. Ukibadilisha hata nukta moja, namba inageuka. Namba hizo huziweka katika daftari lake ndani ya folda yako. Tena huiagiza LaTeX itaje kila faili inalolifungua, iwe ni sura, picha au orodha ya marejeo, kwa hiyo huhitaji kuiorodheshea wewe. Baada ya kila safari huuliza swali moja: je, mafaili ya pembeni yametoka tofauti na yalivyoingia? Kama .aux imebadilika, huenda tena. Ikitoka vilevile, kurasa zimetulia, nayo inasimama.

Kuna nyakati ambapo kurasa hazitulii. Tuseme unatumia kifurushi cha varioref, ambacho badala ya namba huweza kuandika "katika ukurasa unaofuata" pale jedwali linapokuwa karibu. Maneno hayo ni marefu kuliko "katika ukurasa wa 48". Urefu huo unaweza kuongeza mstari mmoja, mstari ukalisukuma jedwali ukurasa mmoja mbele, na maneno yakawa hayafai tena. Safari inayofuata inaweka namba, mstari unapungua, jedwali linarudi, na maneno marefu yanarudi nalo. Latexmk imewekewa kikomo cha safari tano. Baada ya hapo inakata tamaa na kukwambia. Dawa ni ya kimwandishi: geuza sentensi.

Sasa tuje kwenye kukompaili kusikosubiri amri. Zamani mwendo wangu ulikuwa huu: hifadhi faili, hamia dirisha la amri, andika amri, ngoja, hamia dirisha la PDF, tafuta ukurasa uliokuwapo. Ukifanya hivyo mara arobaini kwa siku, unaanza kujinyima; unaandika aya sita bila kutazama, na makosa sita yanakungoja kwa pamoja. Siku hizi naandika mara moja asubuhi:

latexmk -pdf -pvc kitabu.tex

Kuanzia hapo kila nikihifadhi, ukurasa unajipanga upya. Anayetumia Vim akiwa na kiongezo chake VimTeX hubonyeza \ll, naye anapata huduma ileile bila kutoka kwenye kihariri chake.

Programu inajuaje kwamba nimehifadhi? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuchungulia: kila baada ya muda mfupi inalitazama faili, kama bado ni lilelile inarudi kulala. Hivyo ndivyo ifanyavyo latexmk, na kwa kawaida hulala sekunde mbili. Njia ya pili ni kuacha namba ya simu kwa mwenye nyumba. Kiini cha mfumo wa Linux ndicho kinachopitisha kila herufi inayokwenda diskini, na tangu toleo la 2.6.13, mwaka 2005, kina huduma iitwayo inotify: programu inakiambia "faili hili likiguswa, niamshe", kisha inalala usingizi kamili. Mac nayo ina FSEvents, tangu mwaka 2007.

Kwenye karatasi njia ya pili ni bora. Katika kazi, ina mtego ambao umewaliza wengi, nami nikiwamo. Vim, inapohifadhi, mara nyingi hailiandiki faili juu ya lile la zamani. Hulipa la zamani jina jingine liwe akiba, kisha huunda faili jipya kabisa kwa jina lilelile. Kwako wewe ni kitabu.tex kilekile. Kwa inotify, iliyopewa kulinda faili na siyo jina, lile lililokuwa likilindwa limehama, na jipya halina mlinzi. Mabadiliko ya kwanza yanaonekana, ya pili hayaonekani, na ukurasa unabaki kimya ukiwa umechakaa. Suluhisho ni kulinda folda nzima. Lakini LaTeX huandika .aux, .log na PDF ndani ya folda hiyohiyo, kwa hiyo mlinzi asiyechagua huamshwa na kazi yake mwenyewe, akakompaili, akaamshwa tena, akazunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta. Lazima aambiwe ajali mafaili ya .tex, ya marejeo na ya picha tu. Inotify pia haioni mabadiliko yaliyofanywa na kompyuta nyingine kwenye diski ya mtandao. Kwa sababu hizo mimi sina neno na sekunde mbili za latexmk. Inatafuta kwa jina, inasoma kilichomo, haipotezi faili njiani.

Kosa likitokea, TeX ina desturi ya kusimama na kumwuliza mwandishi afanye nini. Desturi hiyo ni nzuri kwa mtu aliyekaa mbele ya dirisha la amri, ila mlinzi wa nyuma ya pazia hana wa kumjibu, na kila kitu hukwama. Kwa hiyo huongezwa agizo la -interaction=nonstopmode, ili TeX ipite na kuyaandika makosa kwenye .log.

Kisomaji cha PDF nacho kichaguliwe kwa makini. Adobe Reader kwenye Windows hulifunga faili lililo wazi, LaTeX ikashindwa kuliandika. SumatraPDF huliacha huru na kujisasisha yenyewe, kama zifanyavyo Evince, Okular na Zathura kwenye Linux. Visomaji vingi kati ya hivyo vinaelewa pia SyncTeX, kazi ya Jérôme Laurens iliyoingia katika TeX Live 2008: bofya neno kwenye ukurasa, kihariri kinakupeleka kwenye mstari ulipoliandika.

Kitabu kikifika kurasa mia nne, mashine kongwe huchoka hata hivyo, maana LaTeX huanza upya toka mwanzo kila mara. Amri ya \includeonly husaidia: hupangwa sura unayoishughulikia tu, na namba za sura nyingine hubaki kutoka kwenye mafaili yao ya pembeni. Typst, iliyoanzishwa Berlin na Laurenz Mädje na Martin Haug na kufunguliwa kwa umma mwaka 2023, imelichukulia jambo hili kuwa la msingi. Hukumbuka matokeo ya sehemu ambazo hazikuguswa, ikakokotoa zilizobadilika. Amri yake ni typst watch, na ukurasa hugeuka karibu papo hapo. Nayo imejiwekea kikomo cha majaribio matano pale kurasa zinapokataa kutulia.

Siku ya kupeleka kitabu chapani mlinzi namsimamisha. Naandika latexmk -C kufuta PDF na mafaili ya pembeni, kisha naacha kitabu kijengwe upya kutoka kwenye maandishi matupu. Ikimaliza, nafungua .log na kutafuta neno undefined, halafu nafungua PDF na kutafuta ??. Nachagua namba tatu za kurasa zilizotajwa ndani ya kitabu, mojawapo iwe ya jedwali, na kuzifuata kwa kidole. Zikinipeleka panapostahili, ndipo nampigia kijana wa duka la uchapaji.