Bomba la bafuni likigonga, usikimbilie kuvunja ukuta

KIGOBE, Bujumbura. Katika mtaa huu lilipo Bunge la Taifa la Burundi, kama ilivyo Nairobi au Dar es Salaam, ukifunga maji ya kuogea kwa ghafla unaweza kusikia “gum!” ukutani.

Hiyo ni nyundo ya maji. Maji yaliyokuwa yakikimbia hukatizwa, nguvu yake ikarudi kama wimbi na kutikisa mabomba. Katika bomba la chuma, maji yaendayo mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla, shinikizo hupanda kwa zaidi ya bar 10, sawa na kina cha mita 100 ndani ya Ziwa Tanganyika.

Kila mshindo hulegeza maungio. Yakiachia, ukuta hulowa na vigae hubomolewa.

Kipimo cha kwanza hakina gharama: funga koki polepole, ukihesabu hadi tatu. Kelele ikiisha, chanzo ni mkono wenye haraka. Isipoisha, fundi bomba akaze vishikizo vya mabomba, kisha apime shinikizo. Likizidi bar 5, aweke valvu ya kulipunguza. Bar 3 zinatosha kuogea.