Spea Haipo: Namba Ipi Ibaki, Ipi Izidi

King'amuzi hakiwaki, taa yake nyekundu inapepesa tu. Ukifungua unakuta kapasita moja kwenye bodi imevimba kichwa, na ubavuni imeandikwa 1000 µF, 10 V. Dukani hakuna iliyo sawa na hiyo. Muuzaji anakuwekea tatu mezani: ya 1000 µF yenye volti 16, ya 470 µF yenye volti 16, na ya 2200 µF yenye volti 6.3. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye namba kubwa kuliko zote, nayo ndiyo pekee isiyofaa.

Namba zinazoandikwa kwenye spea ni za aina mbili. Kuna namba za kazi, zinazoeleza kipuri kinafanya nini kwenye saketi: kapasita inahifadhi chaji kiasi gani, rezista inazuia umeme kwa ohmu ngapi, adapta inatoa volti ngapi. Na kuna namba za ustahimilivu, zinazoeleza kipuri kitabeba mzigo gani kabla hakijafa: volti za juu kabisa, wati, ampea, joto. Fundi anayebadilisha spea kwa nyingine huongozwa na kanuni moja: namba ya kazi ilingane au ikaribie sana, namba ya ustahimilivu yaweza kuzidi, lakini isipungue.

Turudi kwenye kapasita zetu. Ile ya volti 16 yenye 1000 µF inaingia bila wasiwasi, mradi nafasi ya kuiweka ipo. Zile za 470 µF, ukiunganisha mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinajumlisha 940 µF. Kapasita nyingi za aina hii hutoka kiwandani zikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, kwa hiyo 940 ni sawa kabisa na 1000 kwa kazi ya kusafisha umeme wa adapta. Ile ya 2200 µF ina kazi ya kutosha na ziada, ila inastahimili volti 6.3 tu. Ukiiweka penye umeme wa volti 9 itachemka, itavimba na pengine kupasuka. Angalia pia mstari uliochorwa ubavuni: huo ni upande wa hasi, na ukiugeuza utasikia mlio.

Joto nalo ni ustahimilivu. Kapasita zimeandikwa 85°C au 105°C, na kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Ya 85 ikiwekwa mahali pa 105, karibu na bati la kupozea, itafanya kazi leo na kumrudisha mteja kabla hujamsahau.

Rezista zinafuata njia hiyo hiyo. Umekosa ya kilo-ohmu 4.7? Unganisha ya 3.3 na ya 1.5 kwa mfuatano, upate 4.8, tofauti ya asilimia 2 hivi. Ya robo wati inaweza kuachia nafasi yake kwa ya nusu wati. Adapta pia: king'amuzi cha volti 12 na ampea 1 kitakaa vizuri kwenye adapta ya volti 12 na ampea 2, kwa sababu volti husukumwa na adapta lakini ampea huvutwa na kifaa chenyewe kadiri kinavyohitaji. Hakikisha tu kwamba zote mbili ni za umeme wa DC, na kwamba mchoro wa chanya na hasi kwenye kichomeo unafanana.

Sasa tufike mahali kanuni inapogota.

Kwanza, zipo namba ambazo haziandikwi juu ya spea. Dayodi ya 1N4007 inastahimili volti 1000, hivyo watu huiweka badala ya dayodi yoyote ya ampea 1. Kwenye umeme wa nyumbani unaobadilika mara 50 kwa sekunde, sawa. Lakini upande wa kutokea wa chaji ya simu, umeme hubadilika makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na 1N4007 ni nzito kugeuka: itaungua ingawa volti haziifikii hata robo. Hapo panahitaji dayodi ya kasi, mfano wa UF4007, au ya Schottky yenye volti na ampea za kutosha. Transista nazo zina siri ya miguu. BC547 na 2N3904 zinaweza kushika zamu moja kwenye redio ndogo, lakini ukizitazama uso bapa, mpangilio wa miguu ya moja ni kinyume cha nyingine. Igeuze kabla ya kuichomelea.

Pili, kuna spea ambayo ustahimilivu wake ndiyo kazi yake. Fyuzi ya ampea 1 imewekwa ili ife kwenye mzigo uliozidi. Ukiweka ya ampea 5, au waya, au karatasi ya sigara, umeondoa mlinzi na kuacha geti wazi. Kwenye chaji za bei nafuu fyuzi hiyo huvaa umbo la rezista mahali umeme unapoingilia. Ni rezista iliyotengenezwa ikatike bila kushika moto. Ya kawaida haifai pale. Vivyo hivyo kapasita ndogo ya bluu, yenye alama ya Y1 au Y2, inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande unaoshikwa na mkono. Hiyo imeundwa ili, ikifa, isipitishe umeme. Ya kawaida yenye namba zile zile ikipiga shoti, umeme wa ukutani unafika kwenye simu iliyo sikioni. Kama huna yenye alama hiyo, chaji isitoke kibandani.

Tatu, betri. Taa nyingi za sola hutumia betri ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, ya volti 3.2, inayojaa kwenye volti 3.65. Betri ya lithiamu iliyozoeleka, inayochomolewa kwenye laptopu, ni ya volti 3.7 na hujaa kwenye 4.2. Zote zinaweza kuwa za umbo la 18650, kipenyo milimita 18, urefu milimita 65, wala jicho halizitofautishi. Ukiweka ya 3.7 kwenye taa ya 3.2, haitajaa, basi. Ukiweka ya 3.2 kwenye chombo kinachochaji hadi 4.2, unaijaza kupita kiasi kila siku, na hilo ni jambo la hatari. Uwezo wa mAh unaweza kuzidi. Volti za kujaa lazima zilingane.

Kabla ya kuwasha, kumbuka kwamba spea iliyokufa huenda iliuawa na nyingine. Umeme wa volti 230 ukinyooshwa na dayodi hufika kilele cha volti 325 hivi. Ndiyo maana kapasita kubwa ya mwanzo huandikwa 400 V, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Ipime, uitoe chaji kupitia rezista, ndipo uguse. Kisha washa mara ya kwanza kupitia balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya wa ndani, iliyounganishwa kwa mfuatano. Ikimweka kidogo na kufifia, endelea. Ikibaki inawaka sana, shoti bado ipo, na spea yako mpya imenusurika.

Ukimaliza, andika kwa kalamu ndani ya ganda: ulitoa nini, uliweka nini, tarehe gani. Fundi atakayefungua mwakani ataiona 940 yako akidhani ndiyo ya kiwandani, naye atatafuta ya kuikaribia, na anayemfuata ataikaribia ile ya pili. Makadirio yakirundikana juu ya makadirio, kifaa hufa bila mtu yeyote kukosea hesabu. Mstari mmoja wa wino unamrudisha kila fundi kwenye namba ya kwanza.