Kisiwa cha Gozo na Hesabu ya Uzeeni

Wazee wetu hawakuwa na haja ya kujiuliza wangeishi wapi baada ya kustaafu. Mwalimu au karani aliyemaliza utumishi wake alifunga virago, akarejea kwao, akafuga ng'ombe wawili watatu na kungojea malipo ya uzeeni ambayo aghalabu yalichelewa kuliko mvua. Leo swali hilo limekuwa zito, hasa kwa Wakenya waliotumikia nchi za ng'ambo kwa muda mrefu. Rafiki yangu mmoja, muuguzi aliyefanya kazi katika hospitali za Uingereza kwa miaka ishirini na sita, aliniomba nifuatane naye akakitazame kisiwa cha Gozo, katika Bahari ya Mediterania, alichokuwa akikifikiria kuwa makao yake ya uzeeni. Tulikaa huko siku tisa za mwezi wa Januari. Mwezi huo aliuchagua kwa makusudi, kwani, alivyosema, hakuna kisiwa kibaya mwezi wa Juni.

Gozo ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika nchi ya Malta. Eneo lake ni kilomita 67 za mraba tu, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi wapatao 39,000. Hakina uwanja wa ndege. Msafiri hutua Malta, akaenda kwa gari hadi Ċirkewwa, kisha akavuka kwa feri kwa muda wa dakika ishirini na tano hivi mpaka bandari ya Mġarr. Nyumba ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, mashamba yamegawanywa kwa kuta za mawe, na kuba za makanisa ni kubwa kupita kiasi cha vijiji vyenyewe. Huko Xagħra yako mahekalu ya mawe ya Ġgantija, yaliyoanza kujengwa takriban mwaka 3600 kabla ya Kristo, yaani yalikwisha kuzeeka kabla Wamisri hawajajenga piramidi ya kwanza. Mjini Victoria iko ngome juu ya kilima, na hadi mwaka 1637 sheria iliwataka wenyeji walale ndani yake kila usiku kwa kuhofia maharamia. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1551 majeshi ya Waturuki yaliiteka ngome hiyo na kuwachukua utumwani karibu wakazi wote, watu wapatao 5,000.

Lakini kwa mtu afundishaye Kiswahili, kivutio kikubwa cha Gozo si mawe. Ni lugha. Kimalta ni mtoto wa Kiarabu kilichofika huko kutoka Sisili katika Zama za Kati, kisha kikachanganyika na Kiitaliano na baadaye Kiingereza, nacho huandikwa kwa herufi za Kirumi kama Kiswahili chetu cha leo. Bahari huitwa *baħar*, dunia ni *dinja*, kitabu ni *ktieb*, asali ni *għasel*, na fedha ni *flus*, neno ambalo wazee wa Pwani watalitambua mara moja. Ukihesabu, utakutana na *sitta*, *sebgħa* na *disgħa*. Watu hawa ni Wakatoliki wa kutupwa, lakini Mungu wanamwita *Alla*, mfungo wa Kwaresima wanauita *Randan*, na Krismasi ni *Milied*, neno la mzizi mmoja na Maulidi yetu. Wanapoagana husema *saħħa*, yaani siha. Na fauka ya hayo, lugha hii ya watu wasiofika hata milioni moja ilitambuliwa kuwa rasmi mwaka 1934, wangali chini ya utawala wa Mwingereza, na tangu 2004 ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Wale wanaotuambia kwamba lugha za Kiafrika haziwezi kubeba shughuli za serikali wangefaa kulipiwa nauli ya kwenda huko.

Rafiki yangu alifurahi kusikia kwamba akiugua atamwita *tabib*. Akadhani mlango umekwisha kufunguka. Siku chache zilitosha kuonyesha kwamba maneno ya pamoja si mazungumzo. Kiingereza nacho ni lugha rasmi huko, na karibu kila mtu anakijua, kwa hiyo kila alipojaribu neno la Kimalta alijibiwa kwa Kiingereza, kwa adabu kamili. Kiingereza kilitufikisha dukani na benki. Hakikutufikisha barazani. Wazee waliokuwa wakiota jua mbele ya kanisa walitusalimu vizuri, wakatuuliza tulikotoka, kisha wakarejea kwenye soga yao, nasi tukabaki kusimama kando.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hakwenda Gozo kwa ajili ya mahekalu. Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwezi wa Aprili ili ifuatane na gharama za maisha. Nyongeza hiyo hulipwa pia kwa mstaafu aishiye katika nchi za Umoja wa Ulaya, Malta ikiwamo. Akihamia Kenya halipwi. Kiasi atakachoanza kupokea siku ya kwanza ndicho atakachopokea akiwa na miaka tisini, hata unga ukipanda bei mara kumi. Pensheni ya kazi ya uuguzi yenyewe haiguswi na kanuni hiyo, lakini ile ya serikali, aliyoichangia kila mwezi sawa na Mwingereza aliyelala kitanda cha pili wodini mwake, hugandishwa. Kadhalika, mstaafu mwenye pensheni hiyo akiishi Malta hutibiwa kama mwenyeji, na Uingereza hulipa gharama. Kwa karatasi na kalamu, basi, Gozo inaishinda Nyeri kwa mbali.

Karatasi haisemi yote. Tangu Uingereza ijiondoe katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, mwenye pasipoti yake hawezi kukaa Malta zaidi ya siku 90 katika kila siku 180 bila kibali. Mstaafu mgeni anaweza kuomba hadhi ya kodi ambayo humtoza asilimia 15 ya pensheni aiingizayo nchini, ila yapo masharti ya nyumba na kiwango cha chini cha kodi ambacho mtu wa mshahara wa uuguzi hawezi kukidharau. Nyumba zile za mawe, ambazo kiangazi huwa na ubaridi wa kupendeza, Januari hutoa unyevu kutani, na tulilala tumevaa masweta. Siku ya nne upepo wa kaskazini-mashariki, ambao wenyeji huuita *grigal*, ulivuma kwa nguvu hata feri ikasimama kwa saa kadhaa. Kijana hucheka akaagiza kahawa. Muuguzi alihesabu saa hizo kwa macho ya mgonjwa. Hospitali ya Gozo ipo, tena mjini Victoria, lakini matibabu makubwa hutolewa Mater Dei, hospitali kuu iliyoko ng'ambo ya mlango wa bahari, na mahututi huvushwa kwa helikopta. Aidha, mwaka 2015 serikali ilizikabidhi hospitali tatu, ikiwamo hiyo ya Gozo, kwa kampuni ya kibinafsi, na Februari 2023 mahakama ikaubatilisha mkataba huo kwa sababu ya udanganyifu. Mtu anayenunua nyumba kwa ajili ya uzee wake anapaswa kusoma habari za namna hiyo kwanza, na za fukwe baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika vijitabu vya watalii. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia maelfu ya watu wa Malta na Gozo walihamia Australia, Marekani na Kanada kutafuta riziki, na mwaka 1948 serikali ya Malta ilifanya mapatano na ile ya Australia ya kuwasaidia wahamiaji kwa nauli. Ukipita vijijini leo utaona majina ya nchi hizo yamechongwa juu ya milango. Ni nyumba za waliorejea. Mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani Melbourne kwa zaidi ya miaka thelathini alitueleza kwamba huko aliacha watoto, wajukuu na bustani, lakini hakuwa tayari kuzeeka mahali ambapo hakuna aliyemjua baba yake. Kisha akamuuliza rafiki yangu, bila kejeli yoyote, kama kwao hakuna bahari. Dada huyu, mzaliwa wa Nyeri, alijibu kwamba kuna mlima. Yule mzee akaonekana kuridhika.

Nasi Wakenya tunalijua jambo hili kutoka upande wa pili. Tangu miaka ya sitini, Waitalia walipoanzisha kituo cha kurushia roketi cha San Marco huko Ngomeni, wengi wao wamejenga Malindi na Watamu. Vijana wa Malindi wamejifunza Kiitaliano hata wakatoa mizaha kwacho. Ni Waitalia wangapi waliojifunza Kiswahili kufikia kiwango cha kufarijiana na jirani aliyefiwa? Wapo, nami nimewaona wawili watatu wakikaa jamvini matangani bila kuonekana wageni. Wengine wamekaa miaka ishirini nyuma ya ukuta, wakiwa na mpishi na mlinzi. Wakati huohuo bei ya viwanja imepanda mpaka mwana wa mvuvi hawezi kununua alipozaliwa. Gozo nako vijana wanalalamika vivyo hivyo juu ya maghorofa yanayoota kila kona, na sensa ile ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila watano nchini Malta ni mgeni. Mstaafu mmoja kutoka Nyeri si mzigo kwa kisiwa, lakini bei haiulizi mtu alikotoka.

Maoni yangu nilimpa tungali ndani ya feri ya kurudi: kwamba Gozo ni mahali pa kwenda kila mwaka, si mahali pa kuzikwa. Hakukubaliana nami moja kwa moja. Alisema ni rahisi kwa mwalimu mwenye pensheni ya Kenya kumpigia mwenzake debe la nyumbani, ilhali si yeye atakayeona fedha zake zikinyauka mwaka baada ya mwaka. Hoja hiyo sikuweza kuipangua, na sidhani mtu yeyote anaweza, maadamu kanuni ni ile ile.

Yapo mataifa, kama vile Mauritius, Jamaika na Ufilipino, ambayo raia wake waliotumikia Uingereza hurudi kwao na kuendelea kupata nyongeza, kwa sababu ya mapatano baina ya serikali. Kenya haimo katika orodha hiyo. Mwezi wa Julai 2021 serikali yetu ilitia sahihi mapatano na Uingereza ya kupeleka wauguzi na wahudumu wengine wa afya, na hata baada ya hapo Kenya imebaki nje ya orodha. Wanaokwenda chini ya mapatano hayo ni vijana, na baadhi yao wako katika vyuo vya uuguzi hivi sasa. Uzee wao uko mbali, kwa hiyo hawaulizi. Walimu wao wanaweza kuwaulizia, na wabunge wanaweza kuulizwa, kabla kundi jingine halijapanda ndege.