Choya ni nyekundu, lakini si damu

Choya huvumilia ukame. Kwa hiyo hustawi hata katika Mkoa wa Dodoma, ambako mvua ni chache. Wengine huiita rozela. Maganda mekundu ya maua yake huanikwa, kisha huchemshwa na maji yake hunywewa.

Watu wengi husema kwamba choya huongeza damu. Husema hivyo kwa sababu ni nyekundu. Je, ni kweli?

Damu ni nyekundu kwa sababu ina madini ya chuma. Chuma hicho huisaidia damu kubeba hewa safi mwilini. Wekundu wa choya ni kitu kingine. Ni rangi ya mmea, na jina lake ni anthosiyanini. Rangi hiyo haina chuma.

Jaribu mwenyewe. Tia maji ya choya katika kikombe. Ongeza magadi kidogo, yale ya kupikia mlenda. Wekundu utapotea. Utaona rangi ya buluu au ya kijani. Sasa kamulia limau. Wekundu utarudi. Damu haifanyi hivyo. Usinywe maji hayo, yamwage.

Choya ina faida yake. Hukata kiu. Watafiti wameona pia kwamba hupunguza kidogo shinikizo la damu. Lakini mgonjwa wa shinikizo la damu asiache dawa zake.

Hatari iko wapi? Mama mjamzito akiacha vidonge vya kliniki na kutegemea choya, damu yake inaweza kupungua sana. Akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, anaweza kufa. Mtoto naye anaweza kuzaliwa mdogo na dhaifu.

Dalili za upungufu wa damu ni hizi: kuchoka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na viganja kuwa vyeupe. Ukiziona, nenda kituo cha afya ukapimwe damu. Huenda ni malaria au safura. Magonjwa hayo pia hupunguza damu, na yana dawa zake.

Mama mjamzito afanye hivi:
1. Ahudhurie kliniki mapema.
2. Ameze vidonge vya kuongeza damu kila siku kama alivyoelekezwa. Ameze kwa maji, si kwa chai.
3. Ale maini, nyama, dagaa, kunde na mboga za majani.
4. Amwulize mganga wa kituo kabla ya kunywa choya.

Ndugu msomaji, mweleze na jirani yako. Choya ni kinywaji. Si dawa ya upungufu wa damu.